Maana Mbili za Mpaka: Hekaya ya Milansi na Dunia ya Bina-Adamu!

Neno mpaka lina kazi mbili katika Kiswahili. Hutaja mstari unaotenga nchi na nchi, na hutaja pia kikomo cha uwezo: mtawala aliyepindukia mipaka si lazima awe amevuka mto wowote. Makala haya yanadai kwamba hoja ya kuwa dunia isiyo na mipaka itazaa udhalimu hupata sehemu ya nguvu yake kwa kuchanganya maana hizi, na kwamba fasihi simulizi ya Ufipa inasaidia kuzitenganisha.

Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wadi Wamitila ni ushahidi mzito wa hoja hiyo. Mhusika mkuu anazunguka kijiji cha utandawazi akifuata nyayo za P.P., na njiani anakuta uharibifu. Ni rahisi kuhitimisha kwamba kulegea kwa mipaka ya nchi ndiko kulikompa P.P. nguvu. Hata hivyo, katika Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert, wajumbe wanatumwa nchi za nje, wanarudi na mapendekezo ya kuiinua nchi yao, na malipo yao ni kifungo. Kusadikika ni nchi kamili yenye mipaka yake, na bado udhalimu umeshamiri. Kinachokosekana huko ni kikomo cha uwezo wa wakuu.

Hekaya ya Milansi, ambayo Roy Willis aliichambua katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu dola za Ufipa, inaonyesha upande wa pili. Mtawala wa Milansi yuko mawindoni wanapoingia wanawake wageni, waasisi wa ukoo wa Twaci. Hakuna mpaka unaowazuia, na utawala wa nchi unahamia kwao. Lakini mwenyeji hafutwi: anabaki Milansi na hadhi yake ya kimila, ambayo wageni hawana budi kuitambua. Nchi imefunguka, ila uwezo wa mshindi umewekewa kikomo. Kweli, hekaya hii pia inahalalisha utawala wa Twaci, na msomaji makini hataichukua kama picha ya amani kamili. Hata hivyo, uhalali wenyewe unategemea kukiri kwamba kuna jambo ambalo mshindi hakulipata.

Kinyume chake ni mpaka wa mto Kalambo, uliotokana na mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890. Uliwagawa Walungu na Wamambwe bila kuwauliza, wala haukuwakinga na dhuluma ya ukoloni. Ulikuwa chombo chake.

Je, basi, mipaka ya nchi haina faida? Hapa ndipo hoja pinzani ina uzito wa kweli. Kant, katika andiko lake la mwaka 1795 kuhusu amani ya kudumu, alihofia kwamba dola moja la ulimwengu lingeishia katika udhalimu. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, ambao wengi wao walipata makazi Katumba na baadaye Mishamo, maeneo yaliyokuwa ya Mkoa wa Rukwa kabla ya Katavi kuundwa mwaka 2012, waliokolewa na jambo moja: mamlaka iliyowawinda ilikuwa na mwisho wake. Kulikuwa na ng'ambo. Katika dunia ya P.P. hakuna ng'ambo, na hicho ndicho kitisho halisi cha riwaya ya Wamitila.

Lakini mpaka huo uliokoa kwa sababu ulivukika. Laiti ungefungwa, ungekuwa ukuta wa gereza. Kwa hiyo dunia bila mistari ya nchi si lazima izae udhalimu. Itauzaa iwapo mamlaka yake hayatakuwa na kikomo, na hayataacha Milansi yoyote nje ya mkono wake. Uhakiki wa riwaya za utandawazi unapaswa kuanza na swali hilo: si nani amevuka mpaka, bali ni nani asiyewekewa mpaka.