Kiti cha Maboksi

Kabla ya kugusa boksi, fundi humgusa mtoto. Humwomba mama akae kwenye kigoda na kumpakata mwanawe, mgongo ukiegemea kifua chake, kisha huzungumza naye habari za mvua na shamba huku akisubiri. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akiona mgeni mara nyingi hukakamaa: miguu inajikaza na kupishana, kichwa kinarudi nyuma, mikono inajikunja. Ukimpima hapo, utakuwa umetengeneza kiti cha mtu mwingine. Akishatulia ndipo tepu ya fundi cherehani inatoka mfukoni. Toka makalio hadi nyuma ya goti, toa vidole viwili ili ukingo usimchubue. Toka goti hadi kisigino. Upana wa nyonga. Kimo cha kwapa. Mwisho kimo cha kiwiko, kwa kuwa hicho ndicho kitakachoamua meza iwe juu kiasi gani.

Nimeupenda ufundi huu kwa muda mrefu, na naamini haujapewa heshima yake. Bevill Packer, mwalimu aliyefanya kazi Zimbabwe, ndiye aliyeueneza katika miaka ya 1980: viti, meza na vifaa vya kuchezea vinavyotengenezwa kwa karatasi chakavu, maboksi na gundi ya unga. Kutoka hapo uliingia katika kazi ya utengemao katika jamii sehemu nyingi za Afrika. Kwa wilaya za Ngara na Biharamulo, Tanzania, naona unafaa kuliko vifaa vingi vinavyoagizwa kutoka mbali. Kiti cha magurudumu kikifika kwenye milima ya Ngara kinakutana na mteremko wa mawe. Kikiharibika, kipuri hakipatikani. Maboksi yapo. Malori ya kwenda Rwanda kupitia Rusumo na Burundi kupitia Kabanga yanapita Nyakanazi usiku na mchana, na maduka ya njiani huachiwa maboksi ya sabuni, biskuti na mafuta ya kula ambayo jioni huishia kwenye moto.

Gundi yenyewe ni unga wa muhogo au wa ngano. Unakorogwa kwa maji baridi kwanza, unamiminwa taratibu kwenye maji yanayochemka, na mwiko hauachi kuzunguka mpaka uji ung'ae. Hupakwa nyembamba, kwa kiganja. Ikizidi, boksi linaloa na kuvimba. Ikipungua, tabaka zinabanduka baada ya miezi michache, mtoto akiwa juu yake. Kisha inakuja sehemu inayotenganisha fundi na mwanafunzi: kila boksi lina mistari yake ya ndani, na mistari ya tabaka la juu lazima ikate ile ya tabaka la chini. Tabaka tano au zaidi zikipangwa hivyo, zikalala usiku kucha chini ya ubao na mawe mazito, hutoa bapa gumu ambalo mtu mzima anaweza kulisimamia. Na fundi hulisimamia kweli. Kiti kisichoweza kumbeba yeye hakimfikii mtoto.

Kingo hufunikwa kwa vipande vya karatasi ya mfuko wa saruji, vilivyochanwa kwa mkono. Havikatwi kwa mkasi, kwa sababu ukingo uliochanwa hulala vizuri na kushikana. Halafu jua. Miezi ya Juni hadi Agosti hakuna shida, lakini masika kiti huingizwa ndani na kutolewa nje mara kadhaa kwa siku, na anayekiharakisha kwa kukipaka vanishi kingali na unyevu hukiozesha kutoka ndani. Hapa fundi hana budi kusubiri, hata kama mama anauliza kila asubuhi.

Kazi yote hiyo ni kwa ajili ya pembe tatu: nyonga, goti na kifundo cha mguu, kila moja ikikunjwa kama kona ya kitabu. Nyayo zikikanyaga, nyonga zikirudi nyuma kabisa, na kizuizi kidogo kikitenganisha mapaja, mwili unaacha kupigana na anguko. Kwa mtoto ambaye mabega yake yanavutwa nyuma, egemeo hutengenezwa kwa umbo la pembe ya chumba, ili mabega yaje mbele na mikono ikutane mezani. Hapo ndipo anaanza kuviona vidole vyake vikifanya kazi. Na ndipo anapoweza kula kwa usalama: mtoto anayelishwa uji akiwa amelazwa, kichwa nyuma, uji unaweza kumwingia mapafuni.

Bibi wa nyumba, mara nyingi, ndiye anayeuliza swali zito.

"Sasa, mwanangu, kwa kiti hiki mjukuu wangu atatembea?"

"Bibi, kutembea siwezi kukuahidi. Akikaa vizuri, atashika kijiko."

Jibu hilo nalihesabu kuwa sehemu ya ufundi. Familia iliyompoteza mtoto mchangamfu kwa malaria iliyopanda kichwani, ikarudishiwa kutoka hospitali mtoto yuleyule akiwa kama mwingine, imeshasikia ahadi nyingi kutoka kwa watu wengi.

Kiti kikikauka, kinahamia darasa la awali. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliifanya elimu ya awali ya mwaka mmoja kuwa ya lazima, na tangu 2016 ada zimeondolewa katika shule za umma. Lakini mtoto asiyeweza kukaa mkekani hubaki nyumbani, sera iwe imesema nini. Akiwa na kiti, mwalimu naye huonyesha ufundi wake. Kumfundisha kuvaa sweta, na asubuhi za Ngara zinadai sweta, mwalimu mjuzi huanzia mwisho. Anaanza na mkono uliokakamaa, kisha ule mzima, kisha kichwa, na kumbakizia mtoto jambo moja: kuivuta sweta chini kiunoni. Hilo mtoto analimaliza mwenyewe. Likishazoeleka, wiki kadhaa baadaye, anaachiwa pia kichwa akipenyeze. Halafu mkono mzima. Kila somo linaisha mtoto akiwa ameshinda. Maneno ya kumwelekeza yakitoka kwa Kihangaza au Kishubi, kama ndicho kinachosemwa kwao, kazi inakwenda upesi zaidi.

Kiti cha mtoto wa miaka mitatu hakimtoshi akifika mitano, na misuli isiyonyooshwa mapema hufupika. Kwa hiyo fundi anayepita mara moja na kuondoka hatoshi. Anatakiwa mtu anayeishi katani. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha akina mama kikijifunza kazi hii kinaweza kuhudumia shule kadhaa, na ningependa kuiona halmashauri ya Ngara au ya Biharamulo ikikipa nafasi hiyo. Nawe mwenye duka Benaco, Kabanga au Nyakanazi, usiyachome maboksi yako kwanza. Muulize mwalimu wa darasa la awali wa shule ya karibu kama anayahitaji.