Gari inaona mtu, lakini mtu gani?
Wenzangu, tunasifu sana gari zinazojifunga breki zenyewe zikiona mtu. Tuangalie vizuri. Mwaka 2019 shirika la AAA la Marekani lilijaribu gari 4. Mchana, kwa kilomita 32 kwa saa, sanamu ya mtoto anayechomoka kati ya gari mbili iligongwa mara 89 kwa 100. Usiku, mfumo haukusaidia kitu. Na sisi Uvira, giza likiingia njo wamama wanatoka soko, watoto wanachomoka nyuma ya taksi. Tena kioo kikipasuka, kamera lazima ipangwe upya: nani hapa ataiweza, kwa bei gani? Tudai kwanza dodani na taa za barabara. Dodani haichagui mchana wala usiku.