Kijiwe Mlangoni mwa Nyongo

Njia ya nyongo, itokayo chini ya ini na kuteremka hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, upana wake kwa kawaida haupindukii milimita 6 hivi, na mwishoni hupita penye mlango uliozungukwa na msuli ambao Ruggero Oddi, angali mwanafunzi wa utabibu huko Italia, aliueleza mwaka 1887. Kijiwe kikitoka katika mfuko wa nyongo kikakwama hapo, nyongo hurudi nyuma kama maji ya mfereji ulioziba, ikapenya damuni, macho yakawa manjano, mkojo ukakoza kama chai ya mkandaa, na choo kikapauka kama udongo mweupe. Lakini dalili hizi huzaa dhana tu. Na tangu matabibu walipoanza kukiandama kijiwe hicho, suala lililowashughulisha ni namna ya kuipata yakini bila ya mgonjwa kuilipia kwa mwili wake.

Hapo awali yakini ilitafutwa kwa macho na vidole. Jean-Martin Charcot, tabibu wa Paris, alibainisha mwaka 1877 kwamba homa ya kutetemesha, umanjano, na maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia, vikikutana kwa mtu mmoja, hudhihirisha kuwa njia ya nyongo imeingiwa na uchafu wenye sumu. Naye Ludwig Courvoisier wa Basel, katika kitabu chake cha mwaka 1890, alichunguza habari za wagonjwa 187 waliozibwa njia hiyo, akaona kwamba kizuizi kikiwa ni kijiwe, mfuko wa nyongo ni nadra kuvimba, kwani aghalabu umekwisha kukakamaa kwa makovu ya vijiwe vya siku nyingi. Ilhali mfuko ukipapaswa umetuna kwa mgonjwa wa manjano, yafaa kushuku sababu nyingine, kama vile uvimbe wa kongosho.

Baada ya dhana kulifuata kisu. Njia ya nyongo ilipasuliwa, vijiwe vikatolewa kwa koleo, kisha ukaachwa humo mrija wenye umbo la herufi T, uliobuniwa na Hans Kehr wa Ujerumani, ili nyongo ipate pa kutokea wakati jeraha likipona. Hata hivyo mpasuaji hakuweza kujua kwa hakika kama amevimaliza vijiwe vyote, mpaka Pablo Mirizzi wa Córdoba, Argentina, alipoanza mwaka 1931 kutia dawa ndani ya njia hiyo na kupiga picha ya eksirei mgonjwa akiwa angali juu ya meza ya upasuaji. Yakini ilipatikana, ila baada ya tumbo kufunguliwa.

Mageuzi makubwa yalitokea pale watu walipofikiri kuuendea mlango kutoka upande wa ndani. Mwaka 1968 huko Washington, William McCune na wenzake walipitisha darubini ya kupindika kinywani, wakavuka tumbo, wakaifikia chuchu ndogo ambayo kwayo nyongo huingia utumboni, wakachomeka kijimrija na kutia dawa, ingawa kwa wagonjwa wengi hawakufaulu; Wajapani wakaitengeneza darubini yenye kutazama ubavuni, ili tundu hilo lionekane uso kwa uso. Ndipo mwaka 1973, Meinhard Classen na Ludwig Demling huko Erlangen, na Keiichi Kawai huko Kyoto, kila upande kwa ubunifu wake, wakatumia kijimrija chenye waya uliokazwa kama uzi wa upinde, wakapitisha umeme, na waya ule ukaukata msuli wa mlango huku ukiziunguza ncha za mishipa ili damu isivuje sana. Mlango ukiisha kupanuliwa, kijiwe hunaswa kwa kikapu cha waya au huburutwa kwa puto, kikaangukia utumboni na kwenda zake. Na kijiwe kikubwa hupondwa kwanza humo humo.

Ustadi huu nao una gharama yake. Kongosho humwaga maji yake kwa mlango huo huo, na katika kila wagonjwa mia, baina ya watatu na kumi huweza kuvimba kongosho baada ya kazi hii. Ndiyo sababu siku hizi darubini hiyo haitumiwi tena kutafuta habari tu. Kwanza hupimwa damu, kisha ultrasaundi ya tumbo, ambayo huonyesha njia iliyotanuka, ila kijiwe chenyewe mara nyingi hufichwa na hewa ya utumbo. Tashwishi ikibaki, hupigwa picha ya sumaku, ambamo nyongo iliyotulia hung'aa na kijiwe huonekana kama pengo jeusi, au hupitishwa kinywani darubini yenye ultrasaundi nchani mwake, iwezayo kuona hata kijiwe kisichofika milimita 5.

Hadhari hiyo yatuhusu sisi wa Afrika Mashariki, ambako selimundu si maradhi mageni. Mwenye selimundu, chembe zake nyekundu huvunjika mfululizo, naye hupata vijiwe vyeusi angali kijana. Lakini uvunjikaji huo huo humtia macho manjano hata pasipo kijiwe chochote, hivyo tabibu hana budi kutofautisha bilirubini, yaani rangi iletayo umanjano, itokanayo na damu iliyovunjika na ile iliyorudishwa na kizuizi, kabla ya kuugusa mlango.

Mwenye homa ya Charcot hangojeshwi: hupewa dawa za kuua vijidudu, na nyongo hufunguliwa njia upesi, hata kwa kuacha kijimrija tu, kijiwe kikasubiri siku nyingine. Wengine, njia ikiisha kusafishwa, hushauriwa kuondolewa mfuko wa nyongo wenyewe, maana kijiwe kilichoziba mlango kilikuwa mgeni tu, na kwao ni humo mfukoni, walikobaki ndugu zake.