Tahakiki ya Filamu: "Life in a... Metro" na Ufunguo Unaozunguka

Mwongozaji: Anurag Basu
Lugha: Kihindi
Mwaka: 2007

Katika ukurasa huu tumezoea kuhakiki riwaya na tamthilia za Kiswahili. Safari hii tumetoka nje ya uwanja wetu kwa sababu mbili. Kwanza, mwaka 2025 Anurag Basu alitoa "Metro... In Dino", filamu nyingine ya mapenzi yanayopishana na kukutana, na wengi wameanza kuitafuta tena ile ya mwanzo. Pili, wanafunzi wetu wanapopewa kazi yenye visa vingi huvihesabu kimoja kimoja kama shanga zilizokatika uzi, kisha huorodhesha dhamira: usaliti, upweke, tamaa. Alama wanazipata, lakini uzi wenyewe hawauoni. Tunaamini filamu hii ni mahali pazuri pa kujifunza kuuona.

Tuanze na jina. Anayesikia "metro" hufikiria treni za chini ya ardhi. Katika India neno hili hutumika pia kwa maana ya jiji kubwa, na jiji linalozungumziwa hapa ni Mumbai. Kwa hakika treni za metro za Mumbai zilianza kazi mwaka 2014, miaka saba baada ya filamu. Treni tunazoziona humu ni zile za kawaida za abiria, zilizojaa watu.

Kisa kwa ufupi

Rahul (Sharman Joshi) ni kijana anayefanya kazi katika kituo cha huduma kwa simu. Anayo fleti, na fleti hiyo huwaazima wakubwa wake wa kazini wanaotaka pa kukutana na wapenzi wao wa siri. Malipo yake ni kupandishwa cheo. Mmoja wa wakubwa hao ni Ranjeet (Kay Kay Menon), na mwanamke anayekwenda naye huko ni Neha (Kangana Ranaut), ambaye Rahul anampenda kimyakimya.

Ranjeet ana mke, Shikha (Shilpa Shetty), na mtoto. Shikha, aliyechoka kuwa kama samani ndani ya nyumba yake, anakutana na Akash (Shiney Ahuja), msanii wa jukwaani asiye na fedha. Mdogo wake Shikha, Shruti (Konkona Sen Sharma), anakaa chumba kimoja na Neha na anatafuta mume; anampata Monty (Irrfan Khan) na kumkataa kwa dharau. Mwisho kuna Shivani (Nafisa Ali), mwalimu wa dansi anayeishi katika makao ya wazee, na Amol (Dharmendra), aliyemwacha miaka mingi iliyopita akaenda ng'ambo kutafuta maisha, na sasa amerudi.

Msuko

Msomaji atagundua kwamba karibu kila mhusika anafungamana na wengine kwa udugu, kwa kazi au kwa chumba. Hata hivyo udugu pekee haungetosha kuifanya hadithi kuwa moja. Kinachoifunga ni ufunguo wa Rahul. Wazo hili Basu hakulibuni. Linatoka katika "The Apartment", filamu ya Kimarekani ya Billy Wilder ya mwaka 1960, na kisa cha Shikha na Akash nacho kinafanana na kile cha "Brief Encounter", filamu ya Kiingereza ya 1945. Wapo wanaoliita jambo hili wizi. Sisi tunauliza swali jingine: wazo lilipofika Mumbai lilifanya kazi gani?

Jibu letu ni kwamba lilikuta mji ambamo nafasi ni mali kuliko dhahabu. Watu wa Mumbai wanabanana, na pa kukaa faragha ni bidhaa. Hivyo ufunguo unakuwa fedha. Rahul anaununulia cheo, Ranjeet anaununulia starehe, na Neha, ambaye hana ufunguo wowote, ndiye anayelipa. Anapojaribu kujiua, anajaribu ndani ya fleti hiyohiyo, na Rahul ndiye anayemkuta. Hapo kijana anatambua kwamba alichokuwa akikodisha hakikuwa kitanda tu. Mwanafunzi atakayeandika "dhamira ya usaliti inajitokeza" atakuwa amesema kweli, lakini atakuwa ameipita filamu njiani.

Kipengele kingine cha fani ni bendi. Mtunzi wa muziki, Pritam, na wanamuziki wenzake wanaonekana wenyewe mitaani wakiimba, huku wahusika wakiendelea na shughuli zao. Katika filamu nyingi za Kihindi mpenzi mwenyewe hufungua kinywa na kuimba. Hapa mji ndio unaoimba kwa niaba yake, kwa sababu yeye hana wa kumwambia. Walimu wanaofundisha dhima ya kiitikio katika tamthilia watapata mfano mzuri.

Wahusika

Kisa kilichotugusa zaidi ni cha Shruti na Monty. Monty hana sura ya shujaa, na mara ya kwanza anamkodolea Shruti macho bila adabu. Lakini ndiye mhusika pekee asiyejua kujificha. Katika onyesho moja anampandisha Shruti juu ya paa la jengo na kumtaka apige kelele kwa nguvu zake zote, atoe machungu yaliyomjaa kifuani. Mji mzima uko chini yao na hakuna anayegeuka kuwatazama. Irrfan Khan, aliyefariki mwaka 2020, anaigiza kwa utulivu kiasi kwamba tunacheka kwanza, kisha tunanyamaza. Yeye na Konkona Sen Sharma walipata tuzo za Filmfare kwa nafasi hizi, na tunaona walistahili.

Upungufu

Tumeisifu filamu, sasa tuidai. Ranjeet anapokiri usaliti wake, anategemea kusamehewa. Shikha naye anapoeleza ukweli kuhusu Akash, ambaye alifika karibu naye mno kisha akajizuia, mume anapandwa na hasira. Mpaka hapo mwandishi ameonyesha kwa ujasiri mizani mbili za jamii. Lakini mwishoni Ranjeet, akiwa amekataliwa na Neha, anarudi nyumbani, na Shikha anamwacha Akash aende zake ili nyumba isivunjike. Si kwamba tunataka kila ndoa ivunjike. Tunachouliza ni hiki: Ranjeet amelipa nini? Rahul amepoteza, Neha nusura afe, Amol anampata Shivani wakati umri umekwisha na anamzika. Kila mmoja amelipia ufunguo isipokuwa aliyeutumia zaidi. Filamu iliyohesabu gharama kwa uangalifu imefunga daftari kabla ya kufika kwa mdaiwa mkuu.

Aidha, yule mkubwa wa kazi ambaye Shruti anampenda anageuka kuwa na mpenzi mwanamume, na hapo anatupwa. Ametumiwa kama mshtuko, hakupewa utu ambao wengine wamepewa.

Upande wa lugha

Wanafunzi watasikia katika Kihindi maneno wanayodhani wanayajua: "waqt" ni wakati, "duniya" ni dunia, "safar" ni safari, "khabar" ni habari. Yote yametoka katika Kiarabu kwa njia tofauti. Lakini tujihadhari. "Fursat" ya Kihindi ni wasaa, muda wa kupumzika. "Fursa" yetu ni nafasi ya kujipatia jambo. Neno moja limeshika njia mbili. Nasi tunaona filamu yote iko kati ya maana hizo: watu waliokuja mjini kutafuta fursa, wakapoteza wasaa wa kupendana.

Hitimisho

Tunaipendekeza filamu hii kwa wanafunzi wa chuo, si kwa watoto, na mwalimu aitazame kwanza kwa kuwa ina mambo ya watu wazima na jaribio la kujiua. Zoezi letu ni hili: ligawe darasa katika makundi, kila kundi lifuate kisa kimoja, kisha wote wajibu swali moja tu. Nani alikuwa na ufunguo, na nani alilipa? Makundi hayatakubaliana kuhusu Shikha, na mabishano hayo ndiyo tahakiki yenyewe. Kisha swali hilohilo lipelekwe kwenye riwaya iliyo mezani.