Bwambale Yupi?

Serikali ikitangaza idadi ya waliokufa, mwandishi mvivu huinakili na kwenda zake kula. Anayeijua kazi yake huuliza: akina nani? Watu wengi husifu ushujaa wa waandishi wa habari. Mimi nausifu ukaidi wa swali hilo, na miguu inayolifuata.

Tarehe 26 na 27 Novemba 2016 damu ilimwagika Kasese, magharibi mwa Uganda, na siku ya pili askari wakalivamia kasri la Charles Wesley Mumbere, mfalme wa Rwenzururu, ufalme wa Wakonzo. Polisi walitaja vifo 87. Human Rights Watch wakaenda kuuliza familia na wahudumu wa afya, na Machi 2017 wakatoa hesabu yao: watu wasiopungua 55 siku ya kwanza, polisi wakiwemo, na zaidi ya 100 siku ya pili. Joy Doreen Biira, mtangazaji wa KTN ya Kenya na binti wa Kasese, alikamatwa kwa sababu ya picha za tukio hilo na kushtakiwa kusaidia ugaidi, shtaka lililofutwa baadaye. Picha huonyesha moshi. Hazisemi nani alikuwa ndani.

Ugumu wenyewe ndio huu. Wakonzo humpa mtoto jina kwa mpangilio wa kuzaliwa: mvulana wa kwanza Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka. Orodha ya marehemu wa Kasese itajaa akina Bwambale. Mgeni atadhani jina limerudiwa, amfute mmoja. Mwingine atamhesabu mtu yuleyule mara mbili, kwa kuwa mama alitaja jina la nyumbani na kwingine likaandikwa la ubatizo. Basi unauliza: Bwambale yupi? Mwana wa nani, wa kijiji gani, alivaa nini asubuhi ile? Unaandika, unakwenda kwa jirani, unauliza upya kana kwamba hujasikia lolote. Ni kazi ya kuchosha, na haina mtu wa kuipigia makofi.

Mwandishi Ida Tarbell aliifanya kazi kama hii Marekani miaka zaidi ya mia iliyopita, kwa nyaraka badala ya maiti. Baba yake alikuwa mtu wa mafuta Pennsylvania, mmoja wa wale waliobanwa na tajiri Rockefeller na kampuni yake ya Standard Oil, kwa hiyo binti naye alikuwa na kidonda chake. Hata hivyo hakuandika kwa hasira. Alisoma majalada ya mahakama na ushahidi uliotolewa bungeni, sehemu kwa sehemu, na jarida la McClure's likachapa makala zake kuanzia Novemba 1902. Toleo la Januari 1903 lilimbeba yeye, Lincoln Steffens akifichua rushwa ya Minneapolis, na Ray Stannard Baker akiandika juu ya wachimba makaa. Mwaka 1911 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamuru Standard Oil ivunjwe.

Wakonzo nao wana ukoo wao katika kazi hii. Miaka ya 1950 mwalimu wa shule, Isaya Mukirane, alianzisha chama cha kutafiti historia ya Wakonzo, kukusanya yale ambayo Toro, ufalme uliowatawala wakati huo, haukuyajali. Mwaka 1962 yeye na wenzake walitoka katika baraza la Toro, na vuguvugu la Rwenzururu likaanza. Mumbere ni mwanawe. Utafiti ulitangulia siasa, jambo ambalo wanasiasa wa leo hawapendi kukumbushwa.

Mashtaka yaliyomkabili Mumbere baada ya uvamizi wa kasri yalifutwa Juni 2023. Sijasikia askari hata mmoja aliyefikishwa kizimbani kwa vifo vile. McClure's za 1903 bado zinasomwa. Kasese habari ni za redio, na ripoti nzuri ya saa moja jioni huwa imeshapeperuka saa mbili. Ningependa orodha ile ichapwe kwenye karatasi, jina, la baba, kijiji, iuzwe mpakani Mpondwe siku ya soko, kando ya chumvi ya Katwe, kwa bei ambayo mchuuzi hataona taabu kuilipa.