Kunde kwa Kambale wa Moshi

Chungu cha kunde na kambale ni kazi ya siku mbili, na siku ya kwanza si ya mpishi. Ni ya mvuvi na ya yule anayebanika. Maji ya mafuriko ya mto Rufiji yakipungua, kambale hubaki wengi mabwawani. Hupasuliwa, hutolewa matumbo, hupakwa chumvi, kisha hulazwa juu ya chanja, moto ukiwa mdogo chini yake. Anayeharakisha kwa moto mkali hupata samaki aliyeungua ngozi na ndani bado mbichi, na huyo hadumu. Anayesubiri hupata samaki wa rangi ya kahawia iliyokolea, mwepesi mkononi, anayekaa majuma kadhaa bila barafu. Kuni ziwe ngumu na kavu. Mikoko ya delta ya mto huo tuiache isimame; ndiyo misitu mikubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki.

Mchukwi, wilayani Kibiti, watu wa mbali huijua kwa hospitali yake ya misheni. Mimi ningependa ijulikane pia kwa chungu hiki.

Si sisi peke yetu tunaotia moshi chunguni. Huko Serbia wanapika pasulj: maharage meupe na mbavu za nguruwe zilizokaushwa kwa moshi, vikichemka taratibu mpaka mchuzi uwe mzito. Maharage yao yana asili ya Amerika, yalifika Ulaya baada ya safari ya Kolumbasi ya 1492. Kunde zetu ni zao la Afrika tangu mwanzo. Katika pwani hii, yenye Waislamu wengi na mto wenye samaki, moshi umekwenda kwa kambale. Wapishi wa pande hizo mbili hawajuani, ila wote wameelewa kuwa kunde na maharage ni vyakula vipole, vinavyotaka rafiki aliyekwisha kupita motoni.

Sasa kazi ya mpishi. Kunde zichaguliwe, zilizotobolewa na fukusi zitupwe, zilowekwe usiku. Asubuhi zichemshwe kwa maji matupu mpaka ukibonyeza moja kwa vidole viwili ipondeke bila kubakiza kiini kigumu. Hapo ndipo wengi hukosea: hutia nyanya au embe bichi mapema. Uchachu wa matunda hayo huzuia ganda kulainika, na utachochea kuni hadi adhuhuri kunde bado ziko ngumu. Vitu vichachu vingoje mpaka kunde zilainike.

Kambale huoshwa kwa maji ya moto kuondoa masizi, humegwa, miiba mikubwa huchambuliwa. Huingia pamoja na kitunguu na tui la pili, lile jepesi, ili moshi upate muda wa kuenea. Chumvi isubiri kwanza, maana samaki ameshabeba yake. Onja ndipo uongeze. Mwisho kabisa ni tui la kwanza, zito, lililokamuliwa kwa kifumbu. Mtazame mama anayejua kazi yake wakati huo. Hazungumzi na mtu. Anavuta kuni mbili nje, anateka mchuzi kwa upawa, anaumimina tena chunguni kutoka juu, anateka, anamimina, mpaka tui linapoanza kutokota pembeni bila kukatika. Akiacha kidogo tu, mafuta yatajitenga na maji, na nazi nzima imeharibika.

Hakuna pilipili manga hapa, hakuna bizari, na sioni haja yake. Vipande vya viungo vya dukani ndivyo vinavyoniudhi zaidi: vinafanya kila chungu kiwe na ladha moja, na kumfunika kambale aliyesumbukiwa siku nzima chanjani. Kula kwa wali wa mpunga wa bondeni, au kwa ugali wa muhogo.

Ukipita Kibiti kwa barabara ya Kilwa, nunua kambale aliyekauka sawasawa, umnuse kabla ya kulipa, na ukifika nyumbani usimpike kwa haraka.