Jamhuri, Malkia na neno "shifta"

Wenzangu, kila 12 Desemba ikifika Wakenya wa Minneapolis na Saint Paul hukutana, nyama ikachomwa, hotuba zikasomwa. Sina ugomvi na nyama. Ugomvi wangu ni na Kiswahili cha hotuba zenyewe: uhuru ulipatikana 1963, tukawa jamhuri 1964, basi, makofi. Ule mwaka wa katikati unarukwa kama dimbwi.

Hebu turudi tuutazame. Kwa mwaka mzima mkuu wa dola la Kenya huru alikuwa Malkia Elizabeth. Mwakilishi wake Nairobi, Gavana Mkuu Malcolm MacDonald, ndiye yule yule aliyekuwa gavana wa koloni. Kenyatta alikuwa waziri mkuu. Na hata wiki mbili hazijatimia, tarehe 25 Desemba 1963, hali ya hatari ikatangazwa Kaskazini Mashariki. Yaani vita vya kwanza vya Kenya huru vilianza tukiwa bado chini ya taji, na jeshi likiongozwa na ofisa Mwingereza. Chanzo nacho ni cha huko huko. Mwaka 1962 tume ya Waingereza ilizunguka Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ile NFD, ikiuliza watu wanataka nini. Wasomali walio wengi wakasema wanataka kuungana na Somalia. Machi 1963 Duncan Sandys, waziri wa makoloni, akaamua wabaki Kenya. Sasa kulikuwa na haja gani ya kuwauliza?

Haya yote Kiswahili chetu kimeyafunika kwa neno moja, "shifta". Limetoka Ethiopia, maana yake jambazi wa porini. Ukishasema shifta umemaliza: hakuna dai, hakuna tume, hakuna Malkia, kuna wezi wa mifugo tu. Na wasomi tunalitumia bila hata alama za kunukuu! Pale Cedar-Riverside wapo wazee wa Garissa na Wajir wanaolisikia neno hilo kama tusi. Ajabu nyingine, Wasomali wenzao wa kutoka Somalia huwaita hao wa Kenya "Sijui", kwa vile Kiswahili kiko mdomoni mwao. Kwetu shifta, kwao Sijui, na maneno yote mawili wameyapata kwa kuwa Wakenya.

Lakini wale wanaomtupia Mwingereza mzigo wote nao sikubaliani nao. Kuwakusanya watu kwa nguvu vijijini mwaka 1966, mifugo ikafa, ilikuwa kazi ya serikali ya Kenyatta, jamhuri kamili. Mbinu hiyo iliazimwa kutoka vita vya Mau Mau, kwa hiyo waliojua uchungu wake walikuwapo serikalini. Mapigano yalitulizwa na makubaliano ya Arusha, Oktoba 1967, Kaunda akiwa mpatanishi. Halafu 1970 bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maofisa wasishtakiwe kwa waliyoyatenda huko, kuanzia 25 Desemba 1963 hadi 1 Desemba 1967. Angalieni hiyo tarehe ya kwanza. Wanasheria wa serikali walijua vizuri kabisa vita vilianza lini. Ni sisi waandishi wa Kiswahili tunaoandika kana kwamba siku hiyo ilikuwa Krismasi tu.